Hodi na Karibu Ndani ya Gari: Maktaba ya vsomeip na Mazungumzo ya Vidhibiti

Dereva anapotia gia ya kurudi nyuma, picha ya yaliyo nyuma ya gari huchomoza kwenye kiwambo kilicho mbele yake. Kwake yeye hilo ni tukio moja tu. Kwa gari lenyewe ni mazungumzo. Kiwambo kina tarakilishi yake, kamera ina yake iliyo ndogo zaidi, na gia nayo husimamiwa na nyingine. Tarakilishi hizi, ambazo makala haya yataziita vidhibiti, hazina budi kutafutana, kuelewana na kuaminiana kabla picha haijaonekana. Nchini Marekani, ambako tangu Mei 2018 magari mapya ya abiria na malori mepesi yanalazimika kuwa na kamera ya nyuma, sheria inataka picha itokee kabla ya sekunde 2 kupita tangu gia hiyo itiwe. Nyuma ya gari huenda amesimama mtoto.

Msomaji wa Kiswahili anacho tayari kielelezo cha mazungumzo hayo. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Aliye ndani huitikia karibu. Na sauti ya mgeni isipotambulika, huulizwa ni nani kabla ya komeo kuondolewa. Makala haya yanadhamiria kufafanua vsomeip, maktaba ya programu iliyotungwa na kampuni ya BMW ya Ujerumani ili kuviwezesha vidhibiti vya gari kupigiana hodi na kukaribishana. Lile swali la tatu, "Nani?", halimo katika itifaki ambayo maktaba hii inaitekeleza, na hilo ndilo lenye uzito mkubwa zaidi katika suala zima.

Kabla ya hodi

Kwa miaka mingi vidhibiti vya gari havikuhitaji kubisha. Kampuni ya Bosch, ya Ujerumani pia, iliwasilisha mtandao uitwao CAN mjini Detroit mnamo Februari 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari ya Mercedes-Benz yakaanza kuutumia. Katika mtandao huo vidhibiti vyote huunganishwa kwenye jozi moja ya nyaya, na kinachonenwa na kimoja husikika na vyote. Ujumbe haubebi jina la anayenena wala la anayeambiwa. Hubeba nambari ya habari yenyewe, mathalan kasi ya magurudumu, na anayeihitaji huichukua. Nambari hiyo ndiyo pia inayoamua nani atangulie endapo vidhibiti viwili vitaanza kunena kwa pamoja: mwenye nambari ndogo huendelea, mwenye kubwa hunyamaza akangoja. Hiyo ni adabu ya barazani iliyotiwa ndani ya umeme, na hadi leo haijapitwa na wakati, kwani CAN ingali inatumika katika magari mengi mno.

Hata hivyo, baraza hilo ni finyu. Katika CAN ya asili ujumbe mmoja hauzidi baiti 8 za habari, na kasi haizidi megabiti 1 kwa sekunde. Picha za kamera haziwezi kupenya hapo. Ndiyo maana watengenezaji waligeukia Ithaneti, aina ileile ya mtandao inayounganisha tarakilishi maofisini, baada ya kuifanyia marekebisho ili ipite kwenye jozi moja ya nyaya nyepesi. BMW iliitumia kwa kamera za gari la X5 mwaka 2013, na mnamo 2015 shirika la IEEE likaisanifisha kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde.

Mabadiliko hayo yalileta jambo ambalo halionekani kwa urahisi. Ithaneti ya kisasa si baraza. Katikati yake mna swichi inayoupeleka ujumbe kwa aliyekusudiwa peke yake, na wengine hawausikii. Kwa hivyo anayenena hana budi kujua anwani ya anayemwambia. Atazijuaje anwani hizo? Njia moja ni kuziandika zote ndani ya kila kidhibiti kiwandani, lakini gari moja huuzwa kwa sura nyingi: hili lina kamera nne, lile lina moja, lile jingine halina hata moja. Njia ya pili ni kuviacha vidhibiti viulizane vyenyewe gari linapowashwa. Njia hii ya pili ndiyo iliyochaguliwa na watunzi wa itifaki ya SOME/IP, iliyobuniwa BMW mnamo 2011 na kuingizwa mwaka 2013 katika viwango vya Autosar, muungano wa watengenezaji wa magari na vipuri uliokuwapo tangu 2003.

Itifaki ni kanuni tu. Haitendi kitu mpaka iandikiwe programu. vsomeip ni mojawapo ya programu zinazoitekeleza. Imeandikwa kwa lugha ya C++, na msimbo wake umewekwa wazi kwa leseni ya Mozilla kupitia muungano wa GENIVI, ulioundwa mwaka 2009 na kubadili jina kuwa COVESA mwaka 2021. Huitwa maktaba kwa sababu ni hazina ya kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo mwandishi wa programu nyingine huzitumia bila ya kuzitunga upya. Neno hilo linatosha, ingawa mzizi wake wa Kiarabu unahusu uandishi na vitabu, na hakuna anayekwenda huko kuazima kitu akakirejesha.

Sarufi ya ujumbe

Kila ujumbe wa SOME/IP hutanguliwa na kichwa cha baiti 16. Baiti 2 za mwanzo hutaja nambari ya huduma, na 2 zinazofuata nambari ya tendo linaloombwa au tukio linalotangazwa. Baiti 4 hueleza urefu wa yaliyosalia. Baiti 2 humtaja mteja, na 2 nyingine hutaja nambari ya kikao, ili jibu likirudi lijulikane ni la ombi lipi. Baiti 4 za mwisho hugawana kazi nne: toleo la itifaki, toleo la kiolesura, aina ya ujumbe, na hali ya jibu.

Baiti ya aina ya ujumbe itamvutia mwanafunzi wa pragmatiki. Tangu kuchapishwa kwa kazi ya J. L. Austin mwaka 1962, wanaisimu wametofautisha maneno yanayosemwa na tendo linalotendwa kwa kuyasema. Mtu akisema "mlango uko wazi" huenda anatoa habari, anaomba ufungwe, au anamfukuza mgeni kwa adabu, na msikilizaji hulazimika kuamua kwa kuzingatia muktadha. SOME/IP haimwachii msikilizaji kazi hiyo. Nguvu ya usemi hutajwa waziwazi kwa nambari: kuna nambari ya ombi linalotaka jibu, ya ombi lisilongoja jibu, ya taarifa inayopelekwa kwa waliojiandikisha, ya jibu, na ya kosa. Makosa nayo yana majina yake: huduma haijulikani, tendo halijulikani, mtoa huduma hayuko tayari, toleo la kiolesura silo, ujumbe umeharibika. Lugha hii haina kinaya wala fumbo.

Kuhusu maana, hali ni kinyume. Nambari ya huduma ni ishara nasibu kwa maana ileile ya Saussure: hakuna uhusiano wowote wa kimaumbile kati ya nambari na kamera. Yaliyomo katika mwili wa ujumbe hayajielezi pia. Baiti 4 zaweza kuwa joto la injini au umbali wa ukuta, na hakuna neno ndani ya ujumbe linalosema ni lipi. Maana imo katika mkataba ulioandikwa nje, ambao pande zote mbili huwa zimeusoma kabla ya kukutana. vsomeip yenyewe haiusomi mkataba huo. Ni kama tarishi asiyefungua barua. Kuzifungua ni kazi ya programu zilizo juu yake, mathalan CommonAPI, nayo zao la GENIVI. Ndipo umuhimu wa baiti ya toleo la kiolesura unapodhihirika. Upande mmoja ukifasiri baiti kwa mkataba wa zamani na wa pili ukaziandika kwa mkataba mpya, hakuna atakayesikia kelele wala kuona hitilafu ya nyaya. Nambari itafika salama ikiwa na maana nyingine.

Hodi, karibu na kwaheri

Sehemu ya itifaki inayohusu kutafutana kwa vidhibiti ina istilahi yake ya Kiingereza, na anayeitafsiri huenda akakimbilia "ugunduzi wa huduma". Neno ugunduzi halikidhi haja. Kugundua ni kupata kilichofichika au kisichojulikana, ilhali hapa anayetafuta anaijua huduma kwa nambari yake na anayeitoa anajitangaza mwenyewe. Kinachofanyika ni kuulizia, kama mtu anavyoulizia nyumba ya fundi mtaani.

Kuulizia huko hufanywa kwa ujumbe mfupi unaopelekwa kwa kundi zima, aghalabu kupitia mlango nambari 30490. Mteja husema: naitafuta huduma fulani. Mtoa huduma husema: ninayo, napatikana kwa anwani hii, na ahadi yangu ni ya sekunde kadhaa. Hata asipoulizwa, mtoa huduma hutangaza vivyo hivyo. Baada ya hapo mteja anayetaka kupata taarifa kila mara hujiandikisha, naye hukubaliwa au hukataliwa. Hapa pana nukta ya kuangaliwa: picha zenyewe za kamera kwa kawaida hupitia njia nyingine iliyotengenezwa kwa video. SOME/IP hubeba maagizo na taarifa, kama vile kuiagiza kamera iwake au kuuliza iko katika hali gani.

Uzuri wa mpango huu umo katika muda wa ahadi. Hakuna karibu ya milele, isipokuwa anayeahidi akichagua nambari maalumu yenye maana ya "hadi nitakapozimwa". Ahadi hukoma muda wake ukiisha bila ya kutangazwa upya, na kidhibiti kilichokufa ghafla hutoweka katika kumbukumbu za wenzake bila ya kuhitaji kuaga. Kinachozimwa kwa utaratibu huaga kwa kutangaza ahadi ile yenye muda wa 0. Na kilichozimika kikawaka tena upesi, kabla wenzake hawajatambua, hutambulika kwa alama: nambari ya kikao huanzia tena 1, na biti moja ya pekee husema kwamba kimetoka kuwaka. Wenzake huelewa kuwa kimesahau kila kitu, nao hujiandikisha upya.

Namna vipindi hivi vinavyopangwa inataka hadhari. Gari linapowashwa, vidhibiti vyote huamka kwa pamoja, na vyote vikitangaza katika nukta ileile mtandao utafurika. Kwa sababu hiyo kila kimoja hungoja kwanza kwa muda wa kubahatisha, kisha hutangaza, hurudia mara chache kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, na hatimaye hutulia katika mwendo wa kudumu. Faili za mfano zinazoambatana na vsomeip zina ngojo ya kati ya milisekunde 10 na 100, marudio 3 yanayoanza kwa pengo la milisekunde 200 na kuongezeka maradufu, kisha tangazo moja kila milisekunde 2000. Muda wa ahadi katika faili hizo ni sekunde 3.

Hesabu hizo zastahili kutazamwa kwa makini. Tangazo likitolewa sasa, ahadi inaishi hadi sekunde ya 3. Tangazo la pili huja katika sekunde ya 2 na kuirefusha. Lakini tangazo hilo la pili likipotea njiani, na matangazo haya hupitia UDP, njia isiyodhamini kwamba ujumbe utafika, la tatu halitakuja mpaka sekunde ya 4. Kati ya sekunde ya 3 na ya 4 huduma itahesabiwa kuwa haipo, ingawa kamera ni nzima na imewashwa. Huo ni mfano wa kufundishia, na watengenezaji huchagua nambari zao. Lakini kila anayechagua hukabiliwa na mizani ileile. Ahadi ndefu humfanya mfu aonekane hai kwa muda mrefu mno, na ahadi fupi humzika aliyenyamaza kidogo tu.

Bawabu wa nyumba

Ndani ya kidhibiti kimoja kikubwa, kama kile cha kiwambo, mara nyingi huendeshwa programu nyingi kwa pamoja. vsomeip haiziruhusu zote kujitokea mlangoni. Programu moja huteuliwa kuwa msimamizi wa njia, na hiyo ndiyo inayopokea hodi zote kutoka nje, inayotangaza huduma za nyumba nzima, na inayojua ni chumba kipi chenye huduma gani. Faida yake ni kwamba mwandishi wa programu hahitaji kujua kama huduma anayoitaka imo katika kidhibiti hichohicho au iko upande wa pili wa gari. Huomba kwa nambari ileile, na bawabu ndiye ajuaye njia.

Hasara yake pia ni dhahiri: bawabu akianguka, nyumba nzima hukatika na ulimwengu. Zaidi ya hayo, pasipotajwa katika faili ya mipangilio ni nani mwenye cheo hicho, programu iliyowahi kuamka ndiyo huwa msimamizi, jambo ambalo limewakanganya wanagenzi wengi, kwa kuwa mfumo uliofanya kazi jana hubadilika leo kwa sababu tu ya nani ametangulia kuwaka.

Kosa jingine la kawaida la mwanagenzi ni kuomba huduma na kutuma swali papo hapo, kana kwamba kupiga hodi ni sawa na kukaribishwa. Maktaba humpa mwandishi njia ya kuarifiwa huduma inapopatikana na inapotoweka, na programu iliyoandikwa vyema hunyamaza mpaka iarifiwe. Jambo hili laweza kujaribiwa bila ya gari. Katika msimbo wa vsomeip mna programu mbili ndogo za mfano, mtoaji na mteja, zinazoweza kuendeshwa kwenye tarakilishi moja yenye Linux. Mteja akiwashwa kwanza, hukaa akingoja. Mtoaji akiwashwa baadaye, mteja hupata habari na ndipo humtumia neno moja, naye hurudishiwa salamu.

"Nani?"

Yote yaliyoelezwa kufikia hapa yanachukulia kwamba kila anayesema "ninayo" anayo kweli. SOME/IP haina namna yake yenyewe ya kulithibitisha hilo. Kidhibiti chochote kilichomo mtandaoni chaweza kutangaza kuwa ndicho kinachotoa huduma ya kamera, na chaweza pia kutuma kwaheri kwa niaba ya mwenzake aliye hai. Mnamo 2021 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi mdukuzi aliyekwisha kuingia katika mtandao wa gari anavyoweza kujiweka katikati ya mteja na mtoa huduma, kila mmoja akidhani anazungumza na mwenziwe.

Yaweza kusemwa kwamba asiyeingia garini hawezi kufanya hayo. Tukio la Julai 2015 lilikwisha kulijibu dai hilo. Charlie Miller na Chris Valasek, watafiti wawili wa Marekani, waliuingilia kutoka mbali mfumo wa gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa likiendeshwa na mwandishi wa habari kwenye barabara kuu karibu na St. Louis, wakalifanya lipoteze mwendo. Gari hilo halikutumia SOME/IP. Lilikuwa na mfumo mwingine wa huduma za ndani, uitwao D-Bus, ambao mlango wake ulikuwa umeachwa wazi kwa mtandao wa simu, na uliitikia karibu kwa kila aliyebisha bila ya kumuuliza jina. Watengenezaji waliyarudisha magari milioni 1.4 ili yarekebishwe. Ila ya mfumo ule na upungufu wa huu ni ndugu wa toka nitoke: huduma iliyotungwa kwa wenyeji peke yao, isiyojua kumtambua mgeni siku atakapofika.

Matoleo ya karibuni ya vsomeip yanatoa sehemu ya jibu. Ndani ya kidhibiti kimoja, msimamizi wa njia aweza kuiuliza Linux programu inayobisha inaendeshwa kwa utambulisho gani wa mtumiaji, kisha akalinganisha na orodha inayosema nani anaruhusiwa kutoa huduma ipi na nani anaruhusiwa kuiomba. Udanganyifu hapo ni mgumu, kwa kuwa anayejibu swali la "Nani?" si mgeni bali mfumo unaomwendesha. Lakini ulinzi huo hukomea ukutani mwa nyumba. Kwa yanayopita nyayani, wahandisi hulazimika kuongeza tabaka nyingine: kuigawa mitandao ili kiwambo chenye intaneti kisichanganyike na breki, au kuufunga ujumbe kwa fumbo na sahihi za kidijitali kwa njia kama vile TLS, IPsec na MACsec. Kanuni ya 155 ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa Juni 2020 na kuyahusu magari yote mapya katika Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024, humtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba amezipima hatari hizi na kuzikabili. Haimwambii atumie njia ipi.

Katika kuchagua njia hiyo, saa ile ya mwanzo hurudi mezani. Vidhibiti viwili vinavyotumia TLS havianzi mazungumzo mpaka vionyeshane vyeti, vivihakiki, na kupatana juu ya ufunguo wa siri. Kazi hiyo humhitaji mhesabuji, na kidhibiti cha kamera ni kidogo kwa makusudi, ili kiwe rahisi kwa bei. Tena hufanyika wakati uleule ambapo vidhibiti vyote vimeamka pamoja, kila kimoja kikingoja ngojo yake ya kubahatisha. Dereva aliyewasha gari na kutia gia ya kurudi nyuma mara moja hajui kwamba kuna hodi inayopigwa, wala kwamba aliye ndani ameuliza "Nani?" na anasubiri jibu. Sekunde zake 2 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.